Mshauri wa Ndoa Aliyetoka Vitani



Somo la mara hii ni la ndoa. Najua wengine watasema, "Mchungaji, tena ndoa?" Ndiyo, tena. Mwaka huu nimeamshwa usiku kwa ugomvi wa mume na mke mara nyingi kuliko kwa ugonjwa. Lakini safari hii sitaanza na amri kwa wake na amri kwa waume. Nataka kuwasimulia habari za watu wawili, mume na mke, waliofanya kazi ya kushauri wana ndoa katika Afrika. Tuone walitoka wapi, na mtu alipowafikia na shida yake walimsaidiaje. Kwanza niungame kosa langu, maana ndilo lililonifanya nitafute habari zao.

Miaka ya nyuma, nilipokuwa nimetoka tu chuo cha Biblia, ndugu mmoja wa kanisa langu alikuja kulalamika. Mke wake anamdharau. Msaada unapokelewa kwa jina la mke, naye anaficha pesa. Akiulizwa anajibu kwa ukali. Nilimsikiliza ndugu yule saa nzima, tukaomba pamoja. Kesho yake nikamwita mama. Nikamfungulia Waefeso sura ya 5, nikasoma kuanzia mstari wa 22, nikakomea pale pale kabla ya kufika wa 25, ambapo mume naye anaambiwa yake. Mama alinyamaza. Mimi nikadhani kunyamaza kwake ni utii, nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika.

Wiki mbili baadaye alipelekwa zahanati akiwa amevunjika mkono. Nilipokwenda kumwona hakulia, hakunilaumu. Alisema tu, "Mchungaji, siku ile hukuniuliza hata swali moja."

Chuoni tulikuwa tumefundishwa ushauri wa kichungaji kwa muhula mmoja, na nilipata alama nzuri. Alama zile hazikumsaidia mama yule.

Nikakumbuka kitabu kimoja kidogo cha Kifaransa kilichokuwa kikizunguka shuleni kwetu Kivu nilipokuwa kijana. Kilikuwa kimechakaa, jalada limetoka, tunaazimana kwa zamu ya siku moja moja. Kilikuwa cha barua tupu: kijana anamwandikia mchungaji, mchungaji anajibu, baadaye msichana naye anaandika. Mwandishi ni Walter Trobisch, na kitabu kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1962. Kimetafsiriwa katika lugha makumi. Wakati ule sisi vijana tulikisoma kwa sababu kilitaja mambo ambayo kanisani hayakutajwa. Safari hii nilikisoma nikitafuta jambo lingine: mtu huyu alikuwa akisikilizaje?

Walter Trobisch alizaliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1923. Hesabu mwenyewe umri wake vita ilipoanza mwaka 1939. Alipelekwa kuwa askari katika upande wa Urusi, akajeruhiwa. Baada ya vita alisoma theolojia kwao Ujerumani na pia Marekani, akawa mchungaji.

Mke wake, Ingrid, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1926. Kwa hiyo ni mtoto wa huku kwetu Afrika ya Mashariki, ingawa wazazi wake walikuwa Wamarekani. Baba yake, Ralph Hult, alikuwa mmisionari wa Kilutheri mwenye watoto kumi. Familia ilirudi Marekani, na mwaka 1941 baba alipanda meli ya Kimisri iliyoitwa Zamzam ili arudi Afrika peke yake. Mwezi wa nne mwaka huo meli ya kivita ya Ujerumani iliipiga Zamzam kwa mizinga katika bahari ya Atlantiki, ikazama. Abiria waliokolewa. Hult hakukata tamaa, akaanza safari tena. Alifika Tanganyika, ambako misheni za Wajerumani zilikuwa zimebaki bila watu kwa sababu ya vita hiyo hiyo, na mwaka 1943 akafa Dar es Salaam. Ingrid alikuwa na miaka 17.

Sasa fikirini. Binti huyu, mwaka 1952, aliolewa na Mjerumani aliyekuwa askari.

Sijui kama msomaji wa Ulaya anaona uzito wa jambo hili. Sisi tunauona. Kati yetu ziko ndoa ambazo ukoo wa mume na ukoo wa mke walikimbiana kwa panga. Tuko katika nchi iliyopita katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na tumetoka katika nchi ambayo vita yake haijaisha hadi leo. Mume akikasirika, neno la kwanza linalotoka ni "ninyi watu wa huko." Kwa hiyo mshauri aliyejeruhiwa vitani, aliyeoa katika nyumba iliyoumizwa na vita hiyo hiyo, mimi nampa sikio kabla hajafungua kinywa.

Mwaka 1953 walikwenda Kamerun. Walianza kaskazini, baadaye wakafundisha katika shule ya sekondari ya kanisa huko Libamba. Ndipo barua zilipoanza. Mwanafunzi anaandika usiku, anaiweka mezani kwa mwalimu. Wengine wako mbali, wanatuma kwa posta. Kitabu kilipotoka barua zikaongezeka kutoka nchi nyingi, nao wakazijibu, mume na mke, moja moja. Walikuja kuhamia Austria na watoto wao watano, lakini waliendelea kuandika na kurudi Afrika kufundisha hadi Walter alipofariki ghafla mwaka 1979. Ingrid aliendelea na kazi akiwa mjane miaka mingi, akafariki mwaka 2007.

Angalieni jambo moja katika zile barua. Kijana anayeitwa François amefukuzwa kazi ya ualimu kwa ajili ya msichana. Mchungaji angeweza kumtumia mistari mitano ya Biblia na kumfungia mlango. Badala yake anamuuliza: msichana yule ni nani? Ulijua nini juu yake? Yeye alitaka nini? Tena kijana anapompata mchumba, mchungaji hangoji kusikia habari za binti kutoka kinywani mwa kijana. Binti naye anaandika mwenyewe, anajibiwa mwenyewe, na Ingrid anaingia katika mazungumzo. Niliposoma hapo nilifunika kitabu. Mama yule wa mkono uliovunjika, sauti yake niliisikia lini?

Baadaye, mwaka 1971, Trobisch alitoa kitabu kingine juu ya siku chache alizofundisha ndoa katika mji mmoja wa Afrika. Humo kuna mafundisho mawili ambayo nataka tuyakalie.

La kwanza ni la shamba. Aliona kwamba watu wengi wanaielewa ndoa hivi: mume ni mwenye mbegu, mke ni udongo. Mbegu ndiyo yenye thamani, udongo unapokea tu. Mazao ni ya mwenye mbegu. Shamba lisipozaa, unatafuta shamba lingine. Shamba linanunuliwa. Na tangu lini shamba likaulizwa maoni yake? Nani kati yetu hajakulia katika mawazo haya? Kwetu mahari ikishatolewa, shangazi wanasema waziwazi kwamba sasa huyu ni wetu. Mjane anafukuzwa, watoto wanabaki na ukoo. Mwanamke asiyezaa anaitwa kwa majina ambayo siwezi kuyaandika katika karatasi ya kanisa. Trobisch alisema picha hii haitoki katika Biblia. Mimi naongeza: inaweza kuingia kanisani na kukaa kiti cha mbele, na mchungaji asiitambue, kwa sababu na yeye alikulia humo. Mimi sikuitambua.

La pili ni pembetatu. Alichukua Mwanzo 2:24, mstari unaosomwa karibu katika kila arusi, akaonyesha kwamba una mambo matatu: mtu kumwacha baba na mama, kuambatana na mkewe, na wawili kuwa mwili mmoja. Aliyachora kama pembe tatu. Kuacha ni jambo la hadharani, linalojulikana na jamaa na serikali. Kuambatana ni upendo na urafiki wa wawili. Mwili mmoja ni kushiriki vyote, kitanda, na mawazo, na mfuko wa pesa pia. Watu huingia katika ndoa kwa pembe tofauti. Wazee wetu waliingia kwa kuacha, yaani kwa mahari na makubaliano ya koo. Vijana wa mjini wanaingia kwa mapenzi. Wengine wanaingia kwa mimba. Wana ndoa walipomfikia, aliwachorea pembetatu, wakaangalia pamoja ni pembe ipi iliyokosekana.

Mimi nikiona pembetatu ile naona shitingi. Kila mmoja wetu aliwahi kulala chini yake, tunajua kazi ya miti. Ukiondoa mti mmoja hema halianguki siku hiyo hiyo. Linalegea, maji yanakusanyika juu kama mimba, na usiku wa mvua kubwa ndipo linawashukia watoto.

Hebu tupime miti yetu.

Kuacha. Hapa nimekaa muda mrefu nikifikiri, kwa sababu kitabu hakikuandikwa kwa wakimbizi. Sisi wengi tuliwaacha baba na mama bila kuagana, wengine barabarani, wengine tukiwa hatujui kama wamekufa. Je, huko ndiko kuacha kunakosemwa? Nadhani sivyo. Kufukuzwa si kuacha. Mtu anaweza kuwa kilomita mia tatu kutoka nyumbani kwao na bado hajaacha. Kuna mume ambaye mwili wake uko hapa, moyo uko Masisi, na kila jambo analoamua mke wake anasubiri aulize kwanza kaka zake kwa simu. Kuna mke ambaye kila ugomvi unafika kwa mama yake kabla ya mume hajavaa viatu. Tena iko namna nyingine, ya uchungu zaidi: yule ambaye kwa sababu hakuagana anashindwa kuanza nyumba mpya, anaona kama kucheka na mke wake ni kuwasaliti waliobaki. Huyo usimkemee. Mpe nafasi ya kuwalilia wazazi wake, mke akiwepo. Nimeona wana ndoa ambao ugomvi wao wa miaka ulipungua baada ya mume kusimulia, kwa mara ya kwanza, jinsi alivyomwacha baba yake chini ya mti.

Kuacha hakuna maana ya kumtupa mama mkwe aliye nawe chumba kimoja na hana mwingine duniani. Mtunze. Lakini nyumba iwe na wenyewe wawili.

Kuacha kuna upande wa hadharani pia. Katika Rwanda ndoa inayotambuliwa na serikali ni ya mume mmoja na mke mmoja, nayo inafungwa mbele ya ofisa wa serikali. Wengi wetu tulianza kuishi pamoja tu, njiani, kwa sababu hapakuwa na mzee wa kumwendea wala ng'ombe wa kutoa. Sisemi hapa kuwahukumu. Nasema mti huo haujasimamishwa, na anayeumia wa kwanza ni mama na watoto, mume akifa au akiondoka. Njooni tuone jinsi ya kuusimamisha. (Na wale ambao mwenzi wa kwanza alipotea vitani na hamjui kama yu hai, hilo ni somo zito, siwezi kuligusa kwa mstari mmoja. Njooni tukae.)

Kuambatana. Huu ndio mti uliooza zaidi kwetu. Mwanamume aliyekuwa na shamba na ng'ombe sasa anashinda amekaa. Msaada unapokelewa kwa jina la mke. Tangu mwaka 2021 chakula cha msaada katika kambi za hapa kinatolewa kwa kadiri ya uhitaji, kwa hiyo nyumba mbili jirani hazipati sawa, na kinachopungua kwenye sufuria kinageuka maneno. Mume anauliza pesa ziko wapi, lakini swali lililo moyoni mwake ni jingine: mimi bado ni nani katika nyumba hii? Mke anajibu lile la pesa, kwa sababu ndilo aliloulizwa. Hapo ndipo mshauri anahitajika, mtu wa kusikia swali la chini.

Tena watasemea wapi? Ukuta ni shitingi au udongo mwembamba, jirani anakohoa unamsikia. Wana ndoa mmoja waliniambia wao huongea wakienda kuchota maji. Mume hubeba jerikeni mbili. Mwanzoni wanaume walimcheka. Sasa sijui kama bado wanacheka, maana nimewaona wengine wawili.

Mwili mmoja nitaupita haraka, kwa kuwa karatasi hii inasomwa na watoto. Chumba kimoja na watoto sita ni shida ya kweli, si dhambi ya mtu. Zungumzeni ninyi wawili, kwa heshima, bila nguvu. Ndoa si ruhusa ya kulazimisha.

Trobisch katika kitabu kile hakujificha. Mchungaji aliyemwalika alikuwa akisifiwa na watu wote, mlango wake wazi mchana na usiku, na mke wake anakaa na chakula kinachopoa. Mshauri aliwakalisha hata hao. Hapo, ndugu zangu, mama mchungaji wangu alichukua kitabu mkononi mwangu akasema, "Ukurasa huu uusome tena." Nimeusoma. Tangu siku hiyo Jumatatu jioni mlango wetu umefungwa, isipokuwa kwa mgonjwa na kwa anayepigwa. Mtusamehe.

Labda mtu atasema haya ni ya Wazungu na ya zamani. Basi angalieni ya hapa. Shirika la RWAMREC, lililoanzishwa hapa Rwanda mwaka 2006 na wanaume Wanyarwanda, lina mafundisho yanayoitwa Bandebereho, yaani watu wa kuigwa. Wababa wa kijijini hapo hapo wanafunzwa, nao wanakaa na wababa wenzao katika vikundi vidogo hadi mara 15, na katika mara 8 kati ya hizo wake zao wanakuwepo. Wanazungumza juu ya uzazi, ulezi wa watoto, kazi za nyumbani, maamuzi ya pesa, hasira. Yalifanyika katika wilaya nne, Karongi, Musanze, Nyaruguru na Rwamagana. Watafiti hawakutaka kusikia sifa tu. Waliwagawa wana ndoa kwa kura, wengine wakafundishwa na wengine bado, kisha wakawauliza wanawake wenyewe. Karibu miaka miwili tangu kuanza, wanawake wa nyumba zilizofundishwa waliosema wamepigwa na waume zao walikuwa wachache kwa mbali kuliko wale wa nyumba nyingine, na waume zao walishiriki zaidi kazi za nyumbani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018.

Hapakuwa na daktari wala profesa katika vikundi vile. Alikuwa baba jirani, aliyefunzwa kuuliza na kungoja jibu. Na mke aliulizwa.

Niseme na mpaka wa kazi yetu. Mke au mume akipigwa, hilo si jambo la kupatanisha jioni ile kwa wimbo na sala. Kwanza awe mahali salama. Hapa Rwanda kuna vituo vya Isange katika hospitali, cha kwanza kilifunguliwa mwaka 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru hapa Kigali. Huko mtu anapata daktari, mshauri na polisi mahali pamoja, bila kulipa. Mzee wa kanisa anayemwambia mama "vumilia, rudi" bila kuuliza kama kuna panga ndani, ajue mimi nilisema hivyo kabla yake.

Mama yule yu hai. Mkono ulipona lakini haunyooki vizuri. Alikaa kwa dada yake miezi mingi. Mume alikubali kukaa na wababa wawili wa kanisa kila wiki, si mimi, maana mimi nilikuwa nimepoteza haki hiyo. Leo wanaishi pamoja tena, yeye akiwa amechagua, baada ya kuulizwa mara nyingi na watu tofauti, mumewe asipokuwepo. Nilimsomea somo hili kabla ya kuliandika hapa, nikamwomba ruhusa. Aliniambia niongeze kwamba pesa hakuwa amezificha. Zilikuwa za dawa ya mtoto.

Kazi ya nyumbani ya wiki hii: kila mmoja achore pembetatu kwenye karatasi yake, bila kumwonyesha mwenzake, aweke alama kwenye pembe anayoona imelegea. Asiyejua kuandika achore mti tu. Kisha mbadilishane karatasi. Atakayeanza kusema ni yule ambaye kwa kawaida hunyamaza, na mwingine asijibu mpaka kesho yake. Wanaotaka kuja na karatasi zao, tuko Jumamosi saa nane mchana baada ya mazoezi ya kwaya. Mama mchungaji atakuwepo. Njooni wawili, lakini kila mmoja ataingia kwanza peke yake.